Renjifainda au SLR? Nna pesa ya kamera moja tu

kijana_wa_kibokoni

Asalaam aleykum jamaa. Wiki mbili sasa nazunguka na jambo moja kichwani. Kuna mtu Mwembe Tayari auza kamera mbili za mkanda, na mie nna elfu kumi na tano, haiongezeki hata nikiitikisa. Ya kwanza ni Canonet QL17 GIII, ile renjifainda ya Canon (wachungulia kwa dirisha la pembeni, si kwa lenzi) yenye lenzi ya milimita 40 f/1.7 isiyotoka; hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga waingia mwingi. Ya pili ni Pentax K1000, hiyo ndiyo SLR, ina kioo ndani na wachungulia kupitia lenzi yenyewe, na lenzi yake ni ya 50 f/2. Kila moja ataka elfu kumi na nne. Kanipa mpaka Jumamosi, maana ati kuna mtu wa Nyali azitaka zote mbili. (Kila muuzaji Mombasa hii ana mtu wake wa Nyali.)

Nipigacho ni Mji wa Kale. Vichochoro, hasa baada ya alasiri, jua likishajificha nyuma ya nyumba na mwanga ukabaki juu ya kuta tu. Wazee wa kahawa. Majahazi Bandari ya Kale. Bibi yangu mlangoni akichagua mchele. Mpaka sasa natumia simu, na kamera ya dijitali ya binamu yangu akiwa safarini. Nataka kufokasi kwa mkono wangu. Nimechoka na mashine kuniamulia kuwa kitu muhimu kwenye picha ni fulana ya aliyepita nyuma.

Navaa miwani, hilo mlikumbuke. Dukani nilizichungulia zote. Canonet kidirisha chake cheupe, kila kitu chaonekana safi tangu mbele hadi nyuma, na katikati pana kidoa cha manjano chenye picha pacha. Wazungusha mpaka pacha waingiane. Pentax kidirisha ni kizito kidogo, lakini ukizungusha lenzi ni kama mtu anatoka kwenye mvuke wa chungu. Hiyo ilinishika roho, sisemi uongo. Sasa kila ninakosoma naambiwa kamera ya mtaani ni renjifainda. Nichukue ipi?

Mwana_Tudor

Renjifainda, na usigeuke nyuma.

Kwa lenzi pana na mwanga mchache hakuna ubishi. SLR yakutaka wewe uamue kwa jicho kama picha imekaza, na ukitia lenzi ya 28 au 35 kila kitu chaonekana kimekaza hata kisipokaza. Renjifainda haikuachii kubahatisha. Yapima pembe baina ya madirisha mawili, kama mpimaji wa viwanja. Halafu haina kioo cha kurukaruka ndani, kwa hivyo sehemu ya 15 ya sekunde waipiga mkono mtupu. Na ukibonyeza huoni giza. SLR hukufunga jicho pale pale jambo linapotokea.

Mungu akikujaalia siku moja tafuta Leica M3, iliyotoka 1954. Kidirisha chake kinaonyesha vitu karibu kwa ukubwa ule ule wa jicho tupu, waweza kufungua macho yote mawili ukapiga. Kichekesho ni kuwa mwaka huo huo wa 1954 Asahi wa Japani, hao hao waliokuja kutengeneza Pentax yako, walitoa Asahiflex ambayo kioo chake kinarudi chini chenyewe baada ya kupiga. Kabla ya hapo SLR nyingi ukishapiga wabaki kipofu mpaka uvute mkanda tena. Ilipokuja Nikon F, 1959, wapiga picha wengi wa magazeti wakahama. Mie sijahama.

Mzee_Kivukoni

Waaleykum salaam mwanangu. Nimewasoma nikacheka peke yangu, maana mwazungumza kana kwamba kila mpiga picha hufokasi. Mie nimesomesha watoto watano kwa kamera na miaka mingi sikuwa nafokasi.

Wenye umri waikumbuka njia ya kivuko cha Likoni miaka ya 90, vibanda vya picha vimepangana, kila kibanda na pazia lake la kuchora. Meli, ndege, maghorofa, maua ya plastiki. Mtu katoka bara kuja kutafuta kazi, ataka nyumbani wamuone amesimama mbele ya meli. Pazia langu lilikuwa na meli na ndege pamoja, ndege ikishuka juu ya sitaha ya meli, kwa sababu mchoraji alilipwa kwa idadi ya vitu na hakujali kama vitu vyenyewe vyapatana. Kamera yangu ilikuwa hiyo hiyo K1000.

Chini nilipigilia vizibo viwili vya soda. Hapa mteja, hapa mie, baina yetu mita 3. Flashi yangu nguvu yake ilikuwa namba 24, ukiigawa kwa mita wapata f; gawa kwa 3, wapata 8. Basi lenzi f/8, pete ya fokasi kwenye 3, nikaifunga plasta isisogee. Kwa lenzi ya 50, hapo kila kilicho baina ya mita 2.3 na 4.2 hivi kimekaza. Mteja ajitingishe, abebe mtoto, avute kiti, yumo tu.

Iliyoniponza ni macho. SLR ikipiga, kioo huruka, kidirisha chawa giza, na flashi huwaka ndani ya giza hilo hilo. Mteja akipepesa hujui mpaka mkanda urudi kuoshwa, naye keshapanda basi la usiku. Nilipoteza pesa mpaka nikajifunza kutoa jicho kidirishani: napanga picha, nainua kichwa, namtazama kwa macho yangu, ndipo nabonyeza. Kwa hilo Mwana_Tudor kasema kweli. Mwenye renjifainda aliona flashi ikimwangaza mteja na akajua hapo hapo kama apige tena.

Sasa nakurudia wewe. Vichochoro vyako vingi havifiki hata hizo mita 3 za kibanda changu. Mtu akikutokea kona ya msikiti huna nafasi ya kuunganisha pacha wala kusubiri mvuke utoke. Asubuhi kwenye kivuli, mkanda wa kasi ya 400, tia f/11 na sehemu ya 125, pete kwenye mita 3. Kwa ile 40 ya Canonet utakuwa umeshika tangu karibu mita 2 hadi zaidi ya 7. Miguu yako ndiyo fokasi. Na kamera zote mbili zafanya hayo sawasawa, hakuna haja ya kugombana.

Ugomvi waanza baada ya alasiri, hiyo saa uipendayo. Mwanga umeshuka, umefungua lenzi mpaka mwisho. Kwa 50 iliyo f/2, mtu akiwa mita moja, kilichokaza ni kama sentimita 5 basi. Jicho limo, sikio limekwenda. Hapo swali langu ni huwa wasimama wapi.

Fungua simu yako. Chagua picha 100 za mwisho unazozipenda, si za risiti wala za ujumbe wa kutumiwa. Hesabu ngapi ulisimama karibu kuliko hatua moja. Canonet haishiki karibu ya sentimita 80. Hiyo Pentax yashuka mpaka 45. Na Canonet ukiwa karibu, dirisha lachungulia juu pembeni na lenzi yachungulia chini yake. Mistari ya fremu hujisogeza ili kichwa kisikatwe, lakini yaliyo nyuma ya kichwa hayajipangi ulivyoyaona. Ulimpanga bibi yako kati ya nguzo mbili za mlango, picha ikirudi nguzo moja imemwota begani.

Nimalizie na aibu yangu. 1988 baharia wa meli ya Kisovieti aliniuzia Zorki 4 pale Kilindini. Jumapili nikaenda nayo Mama Ngina, nikaiweka juu ya ukuta lenzi yatazama juu, saa saba ya mchana, nikenda kununua mihogo. Kamera ile haina kioo. Jua likapita kwenye lenzi kama kwenye kioo cha kuwashia moto, likatoboa pazia la shata, lile lifungukalo mwanga ufike kwenye mkanda, maana ni kitambaa. Tangu hapo kila picha ina nukta nyeupe mahali pamoja. Wateja wawili walidhani ni mwezi wakaomba kopi zaidi. Zorki, FED, Leica za pazia la kitambaa, zote ziogope jua letu. Vaa kofia ya lenzi kila ukipumzika. Canonet hiyo shata yake ni majani ya chuma ndani ya lenzi, haiungui, na SLR kioo ndicho mwavuli wake. Lakini na kofia nayo ina hila. Nilipiga nikahi ya mpwa wangu, nusu ya mkanda, kofia imefunika. Dirisha la renjifainda halipiti kwenye lenzi, kwa hivyo harusi yote niliiona vizuri sana.

Bi_Hina

Mzee wetu, hiyo nikahi wamekusamehe?

Mie napiga kwenye kupamba na siku za hina, upande wetu wanawake. Simu hukusanywa mlangoni, na wenye shughuli wengi wamefurahi na kamera ya mkanda kwa sababu hakuna cha kuruka mtandaoni usiku ule ule. Nilianza na renjifainda niliyoazimwa. Tatizo ni hina. Mtu kakaa saa tano kuchorwa, ataka aone kila tawi na kila kikonyo cha piko. Kwa sentimita 80 mkono wa bibi harusi ni kitu kidogo katikati ya zulia. Nikajisogeza kwa ukaidi, nikadhani nitakata picha baadaye. Nikapata vidole vitatu, na vyote vimetoka fokasi.

Nna Nikon FM2 sasa na 50. Nikiwa sentimita 45, f/2.8, kilichokaza ni kama sentimita moja, na hapo sipimi kwa pete. Naweka pete, halafu natikisa mwili mbele na nyuma kama mtu yuko kwenye dau, na mchoro wa hina ukichomoza tu kidirishani nabonyeza. Renjifainda haina namna ya kukuonyesha hilo. Yakwambia umefika tu, na wewe hujaona.

Kuhusu miwani, kaka, usitishike sana. Mie navaa pia. Lakini kamera zingine za zamani, pale pa kuwekea jicho ni duara la chuma tupu, latia mikwaruzo kwenye miwani. Kata duara dogo la mpira wa tyubu ya baskeli ugandishe.

Na usipeleke mkanda wa wanawake kwa mwoshaji yeyote tu, osha mwenyewe. Ya nyeusi na nyeupe yataka digrii 20, na maji ya bomba kwetu Makadara hayashuki 27, kwa hivyo nakaa na sufuria la barafu kama muuza samaki. Ya rangi, ile C-41, yataka 38. Kila mtu aliniambia rangi ni ngumu. Kwa joto la jikoni kwangu rangi ndiyo rahisi, maji yameshafika nusu ya njia.

fundi_skrubu

Mmebishana vizuri lakini hakuna aliyemwambia azipime kabla hajatoa pesa. Aina ya kamera haina maana kama hiyo iliyo mezani ni mbovu.

Canonet: iombe utoke nayo nje. Usipime kwa ukuta wa duka la pili. Nenda mpaka uone mbali, ukiweza ufike nayo hata Fort Jesus na utazame kitu cha ng'ambo ya maji, English Point, mlingoti au pembe ya jengo. Zungusha pete ya fokasi mpaka mwisho wa mbali. Pacha lazima waingiane kabisa. Wakibaki mmoja pembeni ya mwenziwe, kamera ilianguka. Mmoja akiwa juu ya mwenziwe, ilianguka vibaya. Hii ndiyo sumu ya renjifainda, kidirisha chabaki safi hata kipimo kikiwa kimepotoka, na hutajua mpaka mkanda wa tatu. Kurekebisha kwawezekana lakini yataka mkono uliotulia na bisibisi ndogo. Kidoa kikiwa kimefifia, gandisha kipande kidogo cha plasta nyeusi nje ya dirisha, usawa wa kidoa chenyewe, pacha watatokeza. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, haitengenezwi tena. Tumia zile za mashine za masikio, namba 675, na pete ya mpira kuijazia nafasi.

Pentax: fungua nyuma, pia tazama juu ya kioo. Tafuta sponji, ile ya kuzuia mwanga na kupokea kioo kikiruka. Kwa joto na unyevu wa huku hugeuka lami na kioo hunata juu. Ikinata si kifo, wasafisha kwa spiriti na kubandika mpya, lakini ipunguze bei. Katikati ya kidirisha pana duara la chembechembe zinazometameta, hilo likitulia umefika. Kama macho yako yataka mstari uliokatika katikati, K1000 ya kawaida haina.

Zote mbili: tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, jicho upande wa pili, lenzi wazi. Ukiona nyuzinyuzi kama mizizi ni fangasi. Mombasa hii lenzi isiyo na fangasi ni lenzi iliyofika jana.

kijana_wa_kibokoni

Mashallah, nimepata darasa. Mzee, nilihesabu jana usiku. Picha 100, 63 niko ndani ya hatua moja. Nilijiona mpiga picha wa mtaani kumbe mpiga picha wa mikono. Mikono ya bibi na mchele. Mkono wa muuza kahawa na vikombe. Mkono wa fundi wa jahazi apigilia kalafati. Vichochoro vyenyewe ni tisa tu, na vitano kati yake vina paka.

Leo asubuhi nikamwomba muuzaji nitoke nazo zote. Akakataa, kisha akanipa mwanawe anifuate. Tukapanda tuktuk mpaka Fort Jesus, mtoto kashika kamera moja na mie moja. Canonet: nikatazama mlingoti ng'ambo, pete mpaka mwisho, pacha hawakukutana. Mmoja yuko English Point, mwenziwe kabaki kwetu. Pentax sponji imekuwa lami kweli, kidole kilitoka cheusi, lakini kioo chashuka. Lenzi ina uzi mmoja wa fangasi ukingoni. Nikarudi na hayo yote, tukavutana, nikatoka nayo kwa elfu kumi na moja na mia tano. Kilichobaki nimenunua mkanda mmoja, na nauli.

Mtu wa Nyali hakutokea.

Nimempiga bibi picha sita mlangoni. Kaniuliza mbona nachungulia muda mrefu hivyo, nimemwambia namtoa kwenye mvuke.

Mwana_Tudor

Hongera. Hiyo Canonet bado ipo? Nauliza tu.

fundi_skrubu

Hahaha. Mwana_Tudor, nletee nikuunganishie hao pacha.

Mzee_Kivukoni

Hongera mwanangu, Mungu aitie baraka. Sasa niambie, alikupa na kofia ya lenzi?

kijana_wa_kibokoni

La, haikuwa nayo. Nimeiweka tu juu ya kabati. Kwani si SLR haiungui?

Mzee_Kivukoni

Haiungui. Lakini K1000 haina swichi ya mita, kile kipima mwanga. Ikiona mwanga tu mita yafanya kazi, kofia ndiyo swichi yake. Inuka uifunike kitambaa sasa hivi, la sivyo siku si nyingi utanunua betri.

kijana_wa_kibokoni

Nimeivisha soksi.